Ndege za vita za Wajerumani na mawe ya kwetu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanachama katika mkutano wetu, komini ya Kamalondo. Komite imeyapanga kidogo kwa ajili ya gazeti letu, lakini sauti ni ya msemaji mwenyewe.)

 

Ni desturi yetu kwamba kila mtu aliyerudi aseme siku moja juu ya kitu alichokiona kule alikokuwa. Mama mmoja alisema juu ya mashamba ya Zambia. Ndugu mwingine alisema juu ya vyama vya mazishi vya Afrika Kusini, na alisema vizuri sana, mpaka leo tunatumia shauri lake. Mimi nilikaa Ujerumani miaka mingi, nikaona nitasema juu ya ndege. Najua tangazo liliwachekesha watu. Ndege za vita, tena za Wajerumani wa Hitler, zinahusu nini chama cha kusaidiana? Mnivumilie. Zinahusu, na kabla hatujatoka hapa nitawaomba kitu.

Kule Ulaya, wakati wa joto, watu wanakwenda kwenye maonyesho ya ndege kama vile sisi tunavyokwenda kumuangalia Mazembe. Baba, mama, watoto, viti vya kukunja, mikate, chupa za maji. Wanakaa kwenye majani kando ya uwanja, wanaangalia juu toka asubuhi mpaka jioni. Ndege zinazopendwa kupita zote ni zile za Vita vya Pili vya Dunia. Za Waingereza na za Wamarekani zipo nyingi bado. Za Wajerumani ni chache, kwa sababu walishindwa, na ndege zao nyingi zilivunjwa zikayeyushwa. Basi watu wenye mapesa na wenye ufundi wamezitengeneza upya. Ni ndege za kuigwa, nakala, lakini nakala zinazoruka kweli, rubani ndani.

Niwaeleze kidogo, maana ni kazi ya kushangaza. Kuna ndege inaitwa Me 262, ya Messerschmitt. Ni ndege ya kwanza ya jeti duniani iliyoingia vitani kupigana na ndege nyingine, mwaka 1944. Wajerumani waliipa jina Schwalbe, maana yake mbayuwayu. Ilikuwa inafika karibu kilomita 870 kwa saa, na ndege za adui za wakati ule hazikuweza kuifuata. Leo zile za asili zilizobaki ziko katika makumbusho, hakuna hata moja inayoruka. Sasa, Wamarekani fulani walichukua moja ya asili, iliyokuwa imesimama miaka na miaka kwenye kambi ya jeshi la majini huko Pennsylvania. Wakaifungua kipande kwa kipande. Kila kipande kikawa mfano wa kutengenezea kipya. Walianzia kazi Texas, wakamalizia Everett, karibu na Seattle, na ya kwanza iliruka Desemba 2002. Moja ilikwenda kwa wakfu wa Messerschmitt, ikaruka Manching katika jimbo la Bavaria mwaka 2006, na mwaka uleule ikaonyeshwa Berlin.

Lakini ndani siyo ileile. Injini za asili zilikuwa hatari, kwa hiyo walitia injini za Kimarekani, ndogo lakini zenye nguvu zaidi, halafu wakazifunika kwa maganda ya chuma yenye umbo la injini za zamani. Ukiangalia kwa nje huoni tofauti. Na siyo hiyo peke yake. Kuna kampuni ya Bavaria iliyotengeneza upya Focke-Wulf 190: injini yake ni ya aina ya Kirusi, iliyotengenezwa China! Kuna ndege nyingine watu wanaiita Messerschmitt 109 kwenye maonyesho na katika sinema, kumbe ilijengwa Spain baada ya vita na ndani ina injini ya Rolls-Royce ya Waingereza, ndugu wa zile injini zilizokuwa zikiifukuza 109 ya kweli. Mjerumani anatembea na moyo wa adui yake. Pale mimi nilicheka.

Siyo kwamba nilikwenda kucheka. Nilipoona mbayuwayu ile inapita, nitasema kweli: ni nzuri. Inakuja chini-chini, hausikii kitu, kisha inapita, ndipo mulio unakufikia kifuani. Watoto waliokuwa karibu yangu walipiga makofi. Mzee mmoja Mjerumani, mwenye fimbo, hakupiga. Alitoa kofia tu, akaishika. Sikumuuliza kwa nini.

Niliangalia mkia. Katika picha za vita mkia una ile alama ya Wanazi, swastika. Pale haukuwa na kitu, rangi tu. Sheria ya Ujerumani inakataza alama ile hadharani, isipokuwa kwa mambo ya elimu na sanaa na mengine kama hayo. Ni sheria nzuri, siisemi vibaya. Lakini ilinifikirisha: injini imebadilishwa, mkia umefutwa, kilichobaki ni umbo na mwendo. Na kwenye kipaza sauti, kwa muda wote niliokaa, walisema juu ya mwendo, uzito, marubani. Juu ya mikono iliyoijenga ya kwanza, mimi sikusikia neno.

Nikaanza kusoma, maana kijerumani nilikuwa nimekilipia kwa jasho, kisikae bure. Mwaka 1944 ndege za Waingereza na Wamarekani zilikuwa zinapiga viwanda vya Ujerumani kila siku. Wakaamua kuvitia chini ya ardhi. Karibu na mji mdogo wa Kahla, katika Thuringia, kuna mlima unaitwa Walpersberg. Walitoboa mlima ule, wakajenga uwanja wa kurukia juu yake, na mbayuwayu zilivutwa kutoka chini mpaka kileleni zikaruke. Waliotoboa ni maelfu ya watu waliopelekwa kwa nguvu: Waitalia, Wapolandi, watu wa Urusi, na Wabelgiji pia. Ndiyo, Wabelgiji, walioshikwa kwao wakapelekwa kubeba mawe. Na huko Austria, kwenye mahandaki ya Gusen, wafungwa wa kambi ya mateso walitengeneza viunzi vya ndege ileile mpaka wakafa. Wengi walikufa kwa njaa na kazi, siyo kwa bomu. Nilikwenda Kahla mimi mwenyewe. Wamejenga ukumbusho pale, ni mahali pa kimya, hakuna tiketi wala kipaza sauti.

Sasa nakuja kwetu.

Kwa nini injini za mbayuwayu ya kwanza zilikuwa mbaya hivyo? Injini moja iliweza kufanya kazi saa 10, pengine 25, kisha itolewe. Wajerumani walikuwa na akili, hawakuwa na mawe. Ndani ya injini ya jeti kuna gurudumu la vipande vya chuma vinavyozunguka katikati ya moto. Chuma cha kawaida kinalainika, kinarefuka, kinakatika. Kinachovumilia moto ni chuma kilichochanganywa na nikeli, kromu, kobalti. Vita vilikuwa vimewafungia njia, hawakupata vya kutosha. Walijaribu kupaka chuma cha bei ndogo aluminiamu, walitengeneza vipande vyenye uwazi ndani ili hewa ipite ivipooze. Ufundi mkubwa wa mtu maskini, kama fundi wetu wa Ruashi anayetengeneza lori kwa waya.

Na upande mwingine? Wamarekani walikuwa na kobalti, wakaichanganya na kromu kwa ajili ya turbini za kusukumia hewa kwenye injini za ndege zao kubwa za mabomu. Kobalti ile ilitoka wapi? Mnacheka, kwa sababu mnajua. Kongo ya Wabelgiji ilikuwa kati ya wazalishaji wakubwa kabisa duniani. Mawe ya kwetu, yaliyoyeyushwa Panda, hapo Likasi, wakati ule wakiita Jadotville. Ubelgiji yenyewe ilikuwa imeshikwa na Wajerumani tangu Mei 1940, lakini Union Minière hapa iliendelea, na shaba na kobalti zikaenda upande wa Waingereza na Wamarekani. Juu ya uranio ya Shinkolobwe sisemi, hiyo kila mtu anaijua, tena imekula hadithi zote nyingine.

Kwa hiyo vita vya angani vya Ulaya vilikuwa pia vita vya mawe, na mawe yana watu wanaoyatoa. Kazi iliongezwa kwa sababu ya vita. Bei za nguo na chakula zilipanda, mshahara haukupanda kama bei. Mwanzoni mwa Desemba 1941 wafanyakazi weusi wa Union Minière waliacha kazi, hapa Elisabethville na katika miji mingine ya migodi. Walitaka nyongeza. Walikusanyika kwenye uwanja wa mpira. Gavana wa jimbo, Amour Maron, alifika pale. Msemaji wa wafanyakazi, Léonard Mpoyi, aliuawa, na askari wakapiga risasi katikati ya watu. Ilikuwa tarehe 9 Desemba 1941, siku mbili baada ya Wajapani kupiga Pearl Harbor. Makumi ya watu walikufa. Hesabu ya serikali ni moja, hesabu ya watu ni nyingine, na kila anayehesabu anapata yake, kwa sababu majina hayakuandikwa yote.

Nifikirie jambo hili kwa sauti mbele yenu. Wabelgiji wanabeba mawe kwa nguvu ndani ya mlima wa Kahla kwa ajili ya ndege ya Mjerumani. Waafrika wanauawa Lubumbashi kwa sababu ya mawe ya ndege za maadui wa Mjerumani. Sisemi ni kitu kimoja. Kambi ya Gusen ilikuwa kambi ya kuua watu, tusilinganishe mateso kama sokoni. Nasema tu kwamba aliyekufa Kahla ana jiwe lenye maandishi. Wa kwetu wa 1941, uliza kijana wa leo anayepita na pikipiki, uliza alikufa nani na wapi.

Kuna watu watasema, hayo ni ya zamani sana, ndege za Wajerumani hazikufika hapa. Zilifika. Siyo zilezile, lakini zilifika. Mwaka 1961, wakati wa Katanga ya Tshombe, jeshi la anga la Katanga lilipata ndege ndogo za Dornier zilizotengenezwa Ujerumani. Ile iliyojulikana zaidi ni Fouga Magister, ya Wafaransa, yenye mkia kama herufi V. Septemba 1961 Fouga moja tu ilisumbua jeshi zima la ONU, ikapiga ndege za uchukuzi zilizokuwa chini uwanjani, ikawapiga Waayalandi waliozingirwa Jadotville. Kwa kuiogopa hiyo moja, ndege ya Dag Hammarskjöld, katibu mkuu wa ONU, ilizunguka njia ndefu kwenda Ndola, na usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Septemba ikaanguka. Mpaka karne hii ONU imemwomba jaji wa Tanzania, Mohamed Chande Othman, aichunguze tena.

Oktoba mwaka ule ONU ikaleta jeti zake. Waswidi walikuja na Saab J 29. Waswidi wenyewe wanaiita Tunnan, pipa, kwa sababu ni nene. Mabawa yake yameelekea nyuma, na wazo hilo wahandisi wa Saab walilithibitisha kwa karatasi za utafiti wa Wajerumani walizozipata Uswisi mwaka 1945, karatasi za watu wa Messerschmitt. Wahabeshi walikuja na Sabre za Kimarekani, nazo mabawa yake yalijengwa kwa kusoma karatasi za Wajerumani. Watu wanalipa tiketi Ulaya kuona mbayuwayu ya kuigwa. Watu wa Katanga waliwaona watoto wake wa kweli, bila tiketi, wakipita juu ya Kolwezi na Likasi na mji huu, na risasi ndani.

Mzee mmoja wa komini ya Kenya, ambaye wengi hapa mnamjua, aliniambia hivi, nami nakariri kama alivyosema: «Fouga ilikuwa inapita chini-chini, siye batoto tulikuwa tunaipungia mukono. Tulikuwa tunaona ni ya kwetu. Kisha mulio ya ingine ikakuja, ile ya ONU, mama akatuvuta chini ya kitanda. Njo siku ile nilijua ndeke haina ya mutu yeyote.» Nilimuuliza kama amewahi kumsimulia mtu. Akasema hakuna aliyeuliza.

Sasa ombi langu, na hapa ndipo komite ilinikunjia uso, kwa hiyo niseme wazi.

Nataka chama chetu kikusanye maneno ya wazee wetu: wale waliokuwa watoto mwaka 1961, na watoto wa waliokuwa kwenye kambi za Union Minière mwaka 1941, ambao walisikia kwa baba zao. Siyo wazo geni la Ulaya. Mwaka 1965, hapa hapa, chama cha watu waliokuwa maboyi na wapishi wa Wazungu waliandika historia ya mji huu kwa Kiswahili cha mji huu. Aliyeipanga ni André Yav. Waliipiga kwa mashine kwenye karatasi, wakaiita msamiati wa mji wa Elisabethville. Watu waliokuwa wakiosha sahani waliona kwamba wasipoandika wao, hakuna atakayeandika. Mtaalamu Johannes Fabian aliitoa tena kwa kitabu mwaka 1990, na leo inasomwa kwenye vyuo vikuu vya dunia. Kumbukeni, lilikuwa shirika la watu wa kawaida kama hili letu, na sioni kwamba walikuwa matajiri kuliko sisi.

Na kuna Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa hapa. Miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi picha kwa picha, kama mia moja. Wafanyakazi wa Union Minière waliouawa wamo. Alizaliwa 1947, hakuona kwa macho, alichora kwa maneno ya watu. Nayo ni nakala, kama ile mbayuwayu. Tofauti ni kwamba fundi wa mbayuwayu alichukua umbo akaacha watu. Tshibumba alichukua watu kwanza, na kama bunduki haikukaa sawa mkononi mwa askari, hakuna anayelalamika. Chuo Kikuu cha Lubumbashi nacho, pamoja na Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu, wamefanya kazi kubwa ya kukusanya kumbukumbu za mji. Hatushindani nao. Lakini hawawezi kuingia kila nyumba ya Katuba. Sisi tunaingia, kwa sababu tunakwenda kwenye matanga.

Najua swali. Mweka hazina ameniuliza mara mbili, na rafiki mmoja anayetuchangia ameniuliza kwa barua: mama hana dawa, wewe unataka kununua mashine ya kurekodi? Swali ni la haki. Jibu langu ni hili. Mfuko wa magonjwa na mfuko wa matanga visiguswe, hata falanga moja. Simu za vijana wetu zinarekodi vizuri. Kinachotakiwa ni kaye, nauli ya basi, na sabuni na sukari ya kumpelekea mzee, maana huwezi kwenda kwa mzee mikono mitupu ukamwambia aseme. Vijana wawili kwa mzee mmoja, mmoja anauliza, mmoja anaandika. Mzee achague lugha yake, Kiswahili, Kibemba, Kiluba, Kisanga, yoyote. Nakala moja ibaki kwa jamaa yake, ya pili kwenye biro yetu. Hakuna picha wala jina kutoka nje bila yeye kukubali, na marafiki wa Ulaya watanisamehe, hata kwa ripoti ya wafadhili.

Tena niwaambie kitu ambacho nimekiona katika matanga tuliyokwenda pamoja. Tunanunua sanduku, tunanunua unga, tunakodi viti, tunafanya vizuri kuliko vyama vingi. Kisha pasta anauliza marehemu alikuwa nani, na wajukuu wanaangaliana. Wanasema alifanya kazi Gécamines. Basi. Miaka 80 ya mtu, maneno matatu. Pale mimi naona chama kimelipa sanduku na kimemzika mtu ambaye hatukumjua.

Wazee saba wamekwisha kukubali. Mmoja ni mgonjwa, kwa hiyo tuanze naye Jumamosi hii, tusingoje mkutano mwingine. Nahitaji vijana sita wanaoandika upesi na wasiokata maneno ya mtu. Kaye ya kujiandikisha iko kwa mama sekreteri, pale mlangoni. Nauli ya Jumamosi hii nitatoa mimi, zinazofuata komite itaamua leo. Kama kuna maswali juu ya ndege, nayapokea pia.